Mtu Aliyekaa Juu ya Gunia la Viazi

Alikuwa amekaa juu ya gunia la viazi, mikono ameilaza mapajani kama mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi. Nilipompita kwa mara ya tatu alininyooshea kidole kuelekea basi dogo, ambako wanawake wawili walikuwa wakipiga mayowe, akasema kwa upole, "Waangalie wale kwanza, dokta. Mimi sina neno." Mimi si daktari, ni muuguzi, lakini kando ya barabara kila aliyevaa glavu huitwa dokta. Nilimshukuru kwa uungwana wake, nikaenda kwa wale.

Ilikuwa mwezi Julai, saa 11 alfajiri, kwenye mteremko wa Mlima Nyoka, na wenyeji wa Mbeya hawahitaji kuelezwa zaidi habari ya baridi na ukungu wa pale. Basi lilikuwa likishuka kuelekea Uyole, lori la viazi lilikuwa likipanda. Lumbesa zilikuwa zimepasuka na viazi vimetapakaa lami yote, hata ikawa kila hatua unayopiga gizani unakanyaga kitu kinachobingirika.

Kama robo saa baadaye kijana mmoja wa bodaboda alinishika mkono wa koti.

"Sista, yule mzee wa kwenye gunia anaondoka."

Nilidhani anamaanisha kwamba mzee ameamua kwenda zake nyumbani.

Bandama yake ilikuwa imepasuka, na damu ilikuwa ikimvujia tumboni muda wote ule aliokuwa akinielekeza kwa wengine. Alifanyiwa upasuaji asubuhi ile ile, akaongezewa damu, akapona. Nimebadilisha mambo mawili matatu kumhusu ili hata jirani yake asimtambue, lakini gunia nimeliacha kama lilivyokuwa, kwa sababu ndilo lililonikosesha usingizi kwa wiki sita.

Hakuna aliyenilaumu. Taarifa ya zamu ilisema kwamba majeruhi wote walifikishwa hospitalini wakiwa hai, na ni kweli.

Nilimpita mara tatu.

Kijani

Wengi wetu tuliofundishwa kupanga majeruhi kwa uzito wa hali zao tulifundishwa utaratibu ulioanzia California mwaka 1983, katika hospitali ya Hoag na kikosi cha zimamoto cha mji wa Newport Beach. Unapofika kwenye tukio lenye majeruhi wengi unatangaza kwa sauti kwamba anayeweza kutembea asogee pembeni, na kila anayesogea anapewa rangi ya kijani, yaani anaweza kusubiri. Kwa waliobaki unaangalia kwanza kupumua, na anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika ni mwekundu, yaani wa kuhudumiwa kwanza. Kisha unaangalia mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono, kisha kama mtu anaweza kutii agizo dogo, kama vile kufumba mkono. Ni utaratibu mzuri, na umeokoa wengi, kwa sababu unamzuia mwokoaji asitumie dakika 10 kwa mtu mmoja huku watano wakifa nyuma yake.

Yule mzee alitembea mwenyewe hadi kwenye gunia. Kwa hiyo alikuwa kijani.

Lakini hakuna mwalimu aliyewahi kusema kwamba kijani ni rangi ya kudumu. Anayevuja damu ndani huweza kusimama, kuzungumza na hata kutania, kwa kuwa mwili unamlipia deni hilo kwa siri: moyo unakwenda mbio, mishipa ya ngozi inajibana ili damu ibaki kwa viungo vya muhimu, ngozi inapoa na kulowa. Shinikizo la damu huanguka mwishoni, na likianguka huanguka kwa kishindo. Ndiyo maana unatakiwa kurudi kwa wale wa kijani na kuwatazama upya. Nayajua hayo. Nimeyafundisha kwa wanafunzi wa mafunzo ya vitendo, tena kwa majigambo kidogo.

Kwa hiyo shida haikuwa elimu. Wala haikuwa woga, kwa maana nimefanya kazi hii kwa miaka mingi na mikono yangu haitetemeki. Kilichoniudhi ni kwamba macho yangu yalimwona, masikio yangu yalimsikia, nikamjibu, na bado sikuwa nimemtazama.

Kugonga meza

Wiki tatu baada ya ajali lilikuja tangazo la mafunzo ya siku mbili kwa watu wanaotangulia kufika kwenye matukio: askari wa zimamoto, trafiki, wauguzi wa dharura, madereva wa magari ya wagonjwa. Nitakuwa mkweli: nilijiandikisha kwa sababu ya posho, na kwa sababu siku mbili za kukaa kwenye kiti ni siku mbili za kukaa kwenye kiti. Tulikusanyika katika ukumbi wa kanisa wenye sakafu ya saruji, baridi inapanda kutoka miguuni, na kila mtu ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili.

Mkufunzi aliliita somo lake uzingativu, kile ambacho Waingereza huita mindfulness: kuiweka akili kwenye kinachotokea sasa hivi. Hakuanza kwa maelezo. Alisema atasoma tarakimu kutoka 1 hadi 9 bila mpangilio, na kwa kila tarakimu tugonge meza mara moja, isipokuwa akisema tatu. Akisema tatu, tusigonge. Tukacheka. Mchezo wa chekechea, akanong'ona koplo mmoja wa zimamoto aliyekaa kando yangu.

Saba, gonga. Mbili, gonga. Tisa, gonga. Nne, gonga. Baada ya dakika moja hivi mkono unakuwa na akili yake wenyewe, nawe unaanza kuwaza kama umeacha mkaa wa kutosha nyumbani. Tatu. Ukumbi mzima ukagonga. Hatukugonga wote, lakini tulikuwa wengi kiasi kwamba aibu ilienea kama harufu. Koplo aligonga kwa nguvu kuliko sisi sote.

Baadaye nilikuja kufahamu kwamba mchezo ule ni kipimo halisi cha maabara, kilichobuniwa miaka ya 1990 kwa ajili ya kupima jinsi umakini unavyoponyoka wakati kazi ni ileile na mkono umeshaizoea. Siku ile sikujua hayo. Nilichojua ni kwamba nilipogonga kwenye tatu ya pili nilihisi kitu ninachokifahamu, na kitu hicho kilikuwa na umbo la gunia. Nilikuwa nimekwenda kutoka mayowe hadi mayowe, gonga, gonga, gonga, na aliponijia mtu aliyehitaji nisimame, mkono ulishagonga.

Kisha tukafundishwa zoezi lenyewe, ambalo kulieleza ni rahisi kwa kiwango cha kuudhi. Unakaa. Unafuata pumzi inavyoingia na kutoka. Akili ikihama, nayo itahama, unatambua kwamba imehama, unairudisha, bila kujigombeza. Basi. Yangu ilihama kabla ya pumzi ya nne na kwenda moja kwa moja Mlima Nyoka. Nikairudisha, ikaenda tena. Mwisho nikainua mkono kama mwanafunzi nikamwambia mkufunzi kwamba mimi siwezi, mimi kila nikifumba macho namwona mtu.

Alisema mambo mawili. La kwanza, nifumbue macho na nitazame sakafu, kwa kuwa kufumba si sharti, na mtu aliyeona mengi asilazimishwe kukaa gizani na aliyoyaona. La pili, kwamba nimekuwa nikidhani zoezi ni kutohama. Zoezi ni kule kurudi. Aliyehama mara 20 na kurudi mara 20 amefanya kazi kubwa kuliko aliyesinzia kwa utulivu.

Swali la mapumziko ya chai

Wakati wa chai dada mmoja mlokole aliuliza kile ambacho wengine tulikuwa tukikizunguka: je, hii si ibada ya watu wengine? Mkufunzi hakuficha. Alieleza kwamba mizizi yake iko kwenye tafakuri ya Wabuddha, na kwamba mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, mwanasayansi wa Massachusetts, Marekani, aliichukua akaifanya kozi ya wiki nane kwa wagonjwa wenye maumivu sugu hospitalini, bila sala wala sanamu.

Yule dada hakuridhika sana, na sidhani ilikuwa lazima aridhike. Lakini askari trafiki mmoja, Mwislamu, alisema kwamba yeye tangu madrasa alifundishwa khushuu, kwamba swala ya mtu ambaye mwili uko kwenye msala na moyo uko sokoni ina kasoro, na kwamba kazi ya kuurudisha moyo kutoka sokoni anaijua vizuri na hajawahi kuimaliza. Mimi ni Mmoraviani, na nilijikumbuka kwenye benchi, katikati ya wimbo ninaoujua kwa kichwa, mdomo unaimba na mimi nahesabu ada za watoto.

Hapo suala la dini kwangu likaisha. Yaliyobaki yalikuwa mazito zaidi.

Mashaka

Nilirudi nyumbani na shaka ya aina mbili, na kwa wiki kadhaa zilipokezana.

Ya kwanza ilikuwa ya kitaalamu: je, inafanya kazi? Nikasoma usiku, zamu zilipokuwa kimya. Amishi Jha wa Chuo Kikuu cha Miami aliwafuatilia wanajeshi wa kikosi cha Marine cha Marekani katika wiki za maandalizi kabla ya kupelekwa vitani, kipindi ambacho uwezo wa kushika mambo akilini kwa muda mfupi hushuka kwa sababu ya msongo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba waliofanya mazoezi kwa wingi hawakushuka, ila waliohudhuria darasa na kufanya kidogo nyumbani walishuka tu. Yaani kukaa darasani hakumsaidii mtu kitu. Jha mwenyewe hupendekeza dakika 12 kwa siku. Mwaka 2020 yeye na wenzake walichapisha utafiti wa wazimamoto wa Florida, uliolinganisha wiki nne za uzingativu na wiki nne za mazoezi ya kulegeza mwili, pamoja na kundi ambalo halikufundishwa lolote. Kundi la uzingativu ndilo lililoongeza zaidi uwezo wa kuinuka baada ya misukosuko.

Huo ulinivutia kwa sababu ya ulinganisho wake. Nilikuwa nimeuchukulia uzingativu kama namna ya kupumzika, na kumbe ni vitu viwili. Aliyelegea vizuri kando ya gari lililopinduka hana faida kwa mtu.

Lakini niliona na upande wa pili. Utafiti wa polisi wa Oregon uliochapishwa mwaka 2016, ambao hunukuliwa sana, ulionyesha uchovu na hasira vikipungua baada ya wiki nane, ila haukuwa na kundi la kulinganisha, na mtu yeyote aliyepumzishwa kazini saa mbili kila wiki huenda hasira zake zingepungua pia. Na huko Uingereza, jaribio kubwa lililohusu wanafunzi zaidi ya 8,000, lililotolewa mwaka 2022, lilikuta kwamba kufundisha uzingativu darasani hakukuwasaidia vijana kuliko masomo yao ya kawaida. Wengi wao hawakuwa wakifanya mazoezi nyumbani, na sishangai. Mimi pia ningekuwa na miaka 12 ningekimbilia mpira.

Kwa hiyo jibu langu kwa shaka ya kwanza ni ndiyo ya sauti ya chini: inamsaidia anayeifanya, kwa kiasi, katika jambo la umakini kuliko katika mengine.

Shaka ya pili haina utafiti, ni ya kijiweni. Alfajiri ile tulikuwa wauguzi wawili na dereva mmoja. Nilikuwa saa ya 11 ya zamu ya saa 12. Glavu nilizovaa zilikuwa za saizi kubwa kwa sababu saizi yangu ilikuwa imeisha tangu mwanzo wa mwezi, na tochi moja kati ya mbili tulizokuwa nazo ilitaka kupigwa kibao ndipo iwake. Mtu akija katika hali hiyo akaniambia tatizo langu ni umakini, nina haki ya kumtazama mara mbili. Kumfundisha muuguzi kupumua ni rahisi kuliko kumwajiri muuguzi wa tatu. Nililisema hilo siku ya pili ya mafunzo, na sauti yangu ilipanda kuliko nilivyokusudia. Koplo wa zimamoto alipiga makofi.

Mkufunzi hakubishana. Alisema, "Ukiwa umetulia utalidai vizuri zaidi." Lilinikera wakati ule. Bado linanikera kidogo, kwa maana lina harufu ya maneno ya watu wasiodaiwa kitu. Lakini mwezi uliofuata nilipoandika barua ya kuomba muuguzi wa tatu kwa zamu za usiku, niliiandika bila hasira, kwa tarehe na idadi ya matukio, na ilikuwa barua yangu ya kwanza kujibiwa. Jibu ni kwamba suala linashughulikiwa. Tunajua maana yake.

Baridi yote ile

Jambo lililonigeuza halikutokea ukumbini.

Nilikuwa nimejizuia kumtafuta yule kijana wa bodaboda, nadhani kwa sababu ya aibu. Yeye hakusomea chochote, na ndiye aliyeona. Wiki ya tano hivi nilishuka Uyole kwenye kijiwe chao nikamkuta amelala juu ya pikipiki yake, miguu juu ya usukani, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi. Alinitambua kabla sijasema kitu, akaruka chini na kunipa shikamoo. Tulizungumza habari za mzee, nikamwambia amepona, akashangilia kama timu yake imefunga bao. Kisha nikamuuliza.

"Ulijuaje?"

Hakuelewa swali.

"Yule mzee. Ulijuaje kwamba hali yake si nzuri?"

Akafikiri. "Alikuwa anatoka jasho," akasema. "Baridi yote ile, dokta, sisi tunatetemeka, mimi nimevaa makoti mawili, yeye jasho linamtiririka hapa." Akapitisha kidole kutoka kwenye paji la uso hadi shavuni. "Nikasema huyu mbona yuko Kyela kwenye joto peke yake?"

Nilisimama pale nikajisikia nimekauka mdomo. Jasho la baridi. Ni alama ya ukurasa wa kwanza. Nimeiandika ubaoni kwa mkono wangu, nimeipigia mstari. Na nilipojaribu kurudi nyuma kwa uaminifu, hatua kwa hatua, niligundua kwamba jasho lile nililiona. Taa ya kichwani mwangu ilimmulika usoni na uso ulimeta. Niliona kinachometa, na akili yangu ikaandika ukungu, ikagonga meza, ikapita.

Nilimuuliza alikuwa akifanya nini wakati ule. Akasema alikuwa hana la kufanya, alishasaidia kubeba wawili, tukamwambia asimame pembeni asitusonge. Akasimama pembeni. Akawa anatazama watu.

Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa msaada wa kwanza wa kisaikolojia, wa mwaka 2011, ambao umefupishwa kwa vitenzi vitatu: angalia, sikiliza, unganisha. Mara zote nilipoufundisha niliharakisha cha kwanza ili nifike kwenye kusikiliza, ambako niliona ndiko kuna ustadi. Kijana yule alikuwa amebaki kwenye kitenzi cha kwanza kwa sababu tulimfukuzia huko.

Tangu siku hiyo niliacha kuuliza kama uzingativu ungenipa utulivu. Nikaanza kutaka kitu kidogo zaidi: sekunde chache za kuwa yule kijana aliyesimama pembeni, katikati ya kazi yangu mwenyewe.

Mpini wa mlango

Ninachofanya sasa ni hiki. Asubuhi, kabla watoto hawajaamka, nakaa dakika 12 macho yakiwa wazi, natazama jiko la mkaa likishika moto. Siku nyingine inakuwa sita. Wiki moja ya mwezi uliopita haikuwa hata moja, na nilihisi tofauti ndogo sana, kwa hiyo sitadai makubwa.

Na tunapofika kwenye tukio, mkono wangu ukishagusa mpini wa mlango wa gari, kabla sijauvuta, nasikia ubaridi wa chuma na navuta pumzi moja. Hapo ndipo nateremka. Mwenzangu wa zamu alidhani mlango umekwama. Kisha, nikishapanga majeruhi, najipa amri ya kusimama na kuzungusha macho polepole, nikianza na walionyamaza. Imenigharimu sekunde tano, sita. Mara moja mwanamke mmoja alinitukana kwa sekunde hizo, na alikuwa na haki, kwa sababu mtoto wake alikuwa akilia na mimi nimesimama kama mlingoti.

Kazini tulianza pia kukaa dakika 10 pamoja wakati wa kukabidhiana zamu. Watu wanne hadi watano, kimya, viti vya plastiki. Dereva wetu, mzee ambaye amebakiza miaka michache kustaafu, hajawahi kukaa hata mara moja. Nilimshawishi. "Sista," akasema, "mimi nikikaa kimya nalala, na nikilala naota. Niache na gari langu."

Juzi nilitoka nje mapema nikamtazama. Alikuwa na ndoo mbili na kitambaa. Anaanza na tairi la nyuma kushoto, kila siku hilo, anasugua vijiti vya katikati kimoja kimoja, anahamia mlango wa nyuma, anashuka magoti kuosha sakafu ambako machela hukaa, anakamua kitambaa, anatazama maji yanayotoka, anakamua tena mpaka yatoke meupe. Simu yake iliita kwenye koti alilolitundika kwenye uzio. Iliita mpaka ikakatika, na hakugeuza kichwa.

Nilichukua kitambaa cha pili, nikaanza na tairi la mbele.

"La nyuma kwanza," akasema.